Mlinzi Aliyezuiwa Mlangoni

Jina lake la vyeti lipo, lakini kazini, nyumbani na hata kwa wakwe walimwita Kulikoni, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni tangu utotoni. Umeme ukikatika, wenzake watahangaika na mishumaa. Yeye atatoka nje aangalie kulikoni upande wa pili wa barabara taa zinawaka. Siku ya harusi yake alimkatiza mfungishaji ndoa katikati ya kiapo, akataka aelezwe neno moja ambalo hakulielewa. Bwana harusi, seremala mpole asiye na haraka, akabaki kashika pete mpaka maelezo yakaisha. Tangu siku hiyo seremala huwaambia watu kwamba wengine wameoa wake, yeye kaoa swali, na akilisema hilo huwa anatabasamu.

Kulikoni alikuwa mpangaji wa kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, ghorofani juu ya duka la viatu. Ngazi zilinuka ngozi, na ukifika juu unapokewa na harufu ya wino. Katikati ya chumba ilikaa mashine ya kuchapa, ambayo ikinguruma vikombe vya chai hutembea mezani vyenyewe. Karibu na dirisha palikuwa na kompyuta yake. Wateja walileta kazi kwenye flashi: mitihani ya shule, kadi za mialiko, vijitabu vya kwaya, fomu za zahanati. Aliyewapokea ni mwanamke mchangamfu waliyempa jina la Kasi, maana hakupenda jambo lilale. Kasi akipokea flashi humpa Kulikoni, naye huichomeka, hunakili kilichotakiwa, kisha humrudishia mwenyewe. Mwenye kiwanda alikuwa mzee ambaye kucha zake zilishakubali kuwa nyeusi kwa wino. Wote walimwita Bosi.

Basi ikatokea kompyuta ile ikawekewa mfumo mpya, kwa kuwa wa zamani ulishachoka na ulikuwa ukiganda katikati ya kazi. Mashine ikawa nyepesi kama mtu aliyetua mzigo. Ila tangu hapo, kila Kulikoni alipoiwasha asubuhi, kijidirisha kilichomoza kwenye kona ya kioo kikisema kwamba programu ya ulinzi imezuiwa kuanza, kwa sababu inahitaji ruhusa. Kasi akampa dawa yake: kifunge, kazi iendelee. Akakifunga, na kazi ikaendelea. Hakikuharibika kitu ambacho mtu angekiona.

Lakini sentensi ile ilimkaa rohoni. Programu ya ulinzi ndiyo iliyowekwa humo kuzuia virusi. Sasa nani kaizuia yenyewe? Na kama ruhusa inahitajika, inaombwa kwa nani, ilhali yeye kakaa hapo mbele na hajaulizwa? Alimuuliza Kasi, akajibiwa kwamba kompyuta zina mambo yake. Alimuuliza Bosi, naye akasema bila kuinua macho kwamba mashine ikiwa na shida itasema. Kulikoni akamwambia kwamba hii inasema kila asubuhi. Bosi akacheka, akarudi kwenye karatasi zake.

Mtu wa kuulizwa alikuwepo katika familia. Wifi yake, dada wa seremala, alikuwa fundi wa kompyuta kwenye kampuni ya bima, na ule utani wa wifi anayefunga waifai ulikuwa umechakaa kiasi kwamba hakuna aliyeucheka tena isipokuwa seremala mwenyewe. Jumapili alipokuja kula, Kulikoni hakungoja hata sahani zijae. Wifi akamweleza taratibu kwamba programu nyingi huruhusiwa kuanza zenyewe pale kompyuta inapowashwa. Lakini ile inayotaka madaraka makubwa, ya kusoma kila faili na kufuta inachotaka, mfumo mpya hauiruhusu mpaka mtu mwenyewe akubali. Na kompyuta inapoamka hakuna mtu wa kuulizwa, basi inaiacha nje.

Kulikoni akauliza kwa nini ulinzi nao uachwe nje, kwani mfumo haujui kwamba hiyo ni programu ya ulinzi?

"Utajuaje?" wifi akamjibu. "Kirusi nacho kikija kinajitambulisha kama mlinzi. Hakuna mwizi anayebisha hodi akisema mimi mwizi."

Kulikoni akaweka kijiko chini. Siku zote alidhani mashine ile imeharibika. Kumbe haikuwa mbovu. Ilikuwa inafuata amri kwa uaminifu, na uaminifu huo huo ndio uliouacha mlango bila ulinzi. Jambo hilo lilimfurahisha kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Wakati wa kuosha vyombo seremala alimkuta kasimama na sufuria mkononi, maji yakimwagika, anatabasamu peke yake.

Kesho yake mchana wifi aliingia kwenye kompyuta ile kwa njia ya mtandao, yeye akiwa ofisini kwake na Kulikoni kwenye simu. Kilikuwa kioja kwa wote, mshale ukikimbia kiooni bila mkono. Wifi alifungua hiki na kile, akashusha toleo jipya la programu ya ulinzi, lile linaloomba ruhusa mara moja tu siku ya kuwekwa, kisha ghafla mshale ukasimama.

"Wifi, umezima mashine?" fundi akauliza kwenye simu.

"Sijagusa kitu. Hapa kuna swali, linauliza kama nakubali programu hii ifanye mabadiliko."

"Mimi huku naona giza tupu."

Kulikoni akatazama swali, limekaa katikati ya kioo, herufi zinasomeka vizuri. Upande wa pili wa simu wifi akaanza kucheka, akijisuta kwa kusahau. Swali lile, alieleza, huonyeshwa kwa yule tu aliyekaa mbele ya mashine. Aliye mbali halioni wala hawezi kulibonyeza, hata kama ni fundi, maana mwizi naye huja kwa mbali. Kulikoni akalifunga mwenyewe, akamsihi wifi alilete tena, ili amsimulie lile giza likija na kuondoka. Wifi akamkubalia, japo alikuwa na kazi zake. Ndipo Bosi akaitwa aandike nywila yake, Kulikoni akabonyeza "nakubali," na kompyuta ikazimwa na kuwashwa upya. Kijidirisha hakikutokea.

Hadithi ingeishia hapo kama programu ya ulinzi isingeanza kazi yake. Haikuchukua muda ikaleta onyo jekundu, likafuatwa na lingine. Ndani ya kompyuta mlikuwa na kirusi, na ilionekana kimekaa humo muda wa kutosha kujiona mwenyeji. Wifi alipoangalia alikitambua. Alisema hakili mafaili. Hukimbilia kila flashi inayochomekwa, huyaficha mafolda yote, na mahali pake huacha alama moja ya uongo yenye sura ya folda. Mwenye flashi akiifungua kwake huona patupu isipokuwa alama hiyo, na akiibonyeza basi kirusi kimehamia na kwake. Kiwanda hakikugundua kitu kwa kuwa kirusi hakifichi papo hapo, na Kulikoni hunakili mara tu anapochomeka, mafaili yakiwa bado salama.

Programu ikakifuta. Kasi akashukuru kwamba yameisha. Kulikoni alikuwa anatazama tundu la kuchomekea flashi. Akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, zile zote alizozichomeka hapo zimefika wapi.

Bosi hakulipenda swali hilo. Alisema yao yamepona, na mambo ya watu yana wenyewe. Mteja akisikia kiwanda kinasambaza virusi hatarudi, na atawaambia jirani zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekijenga kiwanda hicho kutoka mashine moja ya mkono, na aliogopa. Jioni Kulikoni alimsimulia mumewe, na seremala, aliyekuwa akipiga msasa mguu wa kiti, akasema neno moja tu: mficha uchi hazai.

Asubuhi Bosi ndiye aliyemfuata. Alisema amefikiri, aende kwa wateja awaonye, ila asitaje kwamba kimetoka kwao. Kulikoni hakumbishia. Alimuuliza tu, kwa sababu kweli alitaka kujua, awajibu nini wakimuuliza amejuaje. Bosi akachukua koti lake nyuma ya mlango, akasema, "Twende wote."

Walianzia zahanati. Mganga aliwasikiliza akiwa amesimama, akasema kompyuta ya zahanati ilishaambukizwa na kusafishwa, na kuanzia sasa fomu zao zitachapwa kwingine. Mwalimu wa kwaya hakuwa hata ameifungua flashi yake. Aliishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akawaomba wakae nayo wao. Kisha wakaenda shule ya msingi.

Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti iliyozoea uwanja, aliwapokea katikati ya shughuli nyingi. Bosi alianza kueleza. Alipofika kwenye mafolda kufichwa, mwalimu mkuu aliiweka kalamu yake chini na kuwaomba warudie hapo. Wakarudia. Akainuka kufunga mlango.

Ndipo wakasikia habari za karani wa shule. Flashi iliyopeleka mitihani kiwandani ilikuwa pia na alama za wanafunzi wote, kazi ya muhula mzima, na karani hakuwa na nakala nyingine. Iliporudi, mwalimu mkuu aliifungua mbele ya walimu wote, akakuta patupu. Karani ndiye aliyeishika mwisho. Aliapa kwamba hajafuta kitu, kisha alipobanwa sana akaacha kuapa, akasema labda. Neno hilo "labda" ndilo lililommaliza. Aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe.

Flashi bado ilikuwa kwenye droo. Mwalimu mkuu hakukubali itoke machoni pake, hivyo ikabidi wifi aje mwenyewe baada ya kazi na kompyuta yake begani. Alipoichomeka, programu ya ulinzi ilikidaka kirusi hapo hapo. Kulikoni alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Wifi akaandika mstari mmoja wa amri, na mafolda yakarudi, darasa la kwanza, la pili, la tatu, kama watoto wanaoitwa kutoka mafichoni. Alama zote zilikuwemo. Mwalimu mkuu akachukua simu, akampigia karani.

Karani alikuja na mkewe. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi kwa uangalifu, na aliingia kama anayekuja kusomewa hukumu. Walimwonyesha kioo. Hakushangilia. Aliyapitia mafolda moja moja, akayafungua, akasoma majina ya watoto kwa midomo bila sauti. Kisha akamgeukia Kulikoni, asiyemfahamu, akamuuliza kama ana hakika kabisa kwamba ni kirusi, si mkono wa mtu. Kulikoni akamweleza yote, tangu kijidirisha cha asubuhi mpaka hapo.

"Baba yangu alianza hivi hivi," karani akasema. "Anafanya kitu, saa hiyo hiyo anasahau. Nikajua zamu yangu imefika."

Mkewe alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Hakuwa amewahi kuambiwa. Alikuwa akishangaa tu kwa nini siku hizi mumewe hataki kumbeba mjukuu wao, kwa nini anarudi mara mbili kuangalia jiko. Sasa alimshika mkono, pale pale mbele ya watu, na hakuuachia mpaka walipotoka.

Mwalimu mkuu aliomba radhi. Karani aliipokea kwa adabu, kisha akasema kwamba yeye alilaumiwa mbele ya walimu, na angeomba asafishwe mbele ya walimu. Ikawa hivyo. Asubuhi iliyofuata walisimama katika chumba cha walimu, mwalimu mkuu akasema alichopaswa kusema bila kukizunguka. Bosi naye akasimama, koti limefungwa vifungo vyote, akaeleza kwamba kosa lilitoka kwake, kwa mashine iliyokuwa ikisema kila siku na hakuna aliyeisikiliza. Kulikoni, aliyekuwa mlangoni, akampenda zaidi kuliko siku zote.

Kiwanda kilipoteza zahanati na wateja wengine kadhaa. Shule ilibaki. Kasi sasa haruhusu flashi ipite mezani kwake kabla haijakaguliwa, na hulifanya hilo kwa haraka ile ile. Karani alirudi kazini, na huweka nakala za kila kitu mahali pawili, ingawa wifi amemwambia patatu ni bora zaidi.

Kulikoni hakuacha uchapaji, lakini Jumamosi huongozana na wifi yake kwenye ofisi ndogo ndogo zinazoomba msaada. Wifi hufanya ufundi. Yeye kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta inapowashwa na kuangalia inasema nini. Juzi walikwenda kwenye duka la dawa. Mwenye duka, akiwa na wasiwasi na wateja wake waliojipanga, alimuuliza wifi mama huyu anatafuta nini hasa.

"Sijui bado," Kulikoni akajibu, akavuta kiti karibu.