Rais Hasemwi Vibaya

Mpaka leo nikiikumbuka ile karatasi nashikwa na hasira, na sijui nimmwagie nani.

Binti yangu alikuwa darasa la nane. Tulikaa mtaa wa Husby, huku Uswidi, mimi nikisafisha ofisi mtaa wa jirani, Kista. Mwalimu wake wa historia aliwapa kazi ya kuandika: rais wa kwanza wa Marekani aliongozaje? Kazi hiyo ndiyo ingeamua alama yake ya mwaka, naye aliitaka ile ya juu kabisa, maana alishanitangazia kwamba atakuwa mwanasheria.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamwambia anisomee na kunitafsiria. Alianza vizuri. Mzee alitawala vipindi viwili, watu wakambembeleza abaki, akakataa, akarudi shambani kwake. Nikasema, ona sasa! Huyo ndiye rais! Wetu kule nyumbani alikaa mpaka picha yake ikachakaa ukutani, na mwenyewe bado yupo.

Akaendelea. Kwamba mzee huyo wa uhuru alikuwa na watumwa. Kwamba akiwa madarakani, msichana mmoja mtumwa, aliyemhudumia mke wake, alitoroka, na rais mzima akatuma watu wamsake. Akamalizia: "Alikuwa mnafiki."

Weee! Nilimpokonya karatasi palepale.

"Rais hasemwi hivyo!"

"Lakini mama, alishakufa zamani!" Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

"Hata kama! Jina lako si hili hapa juu? Unatafuta nini?"

Nikaichana vipande vinne. Nikamsimamia mpaka akanakili upya kutoka kitabuni, sifa tupu, huku machozi yanamtoka.

Sikumweleza sababu. Kule nyumbani, Bukavu, kaka yangu alisema tu, akiwa kwa kinyozi, kwamba rais amezeeka, bora apumzike. Kesho yake walikuja kumchukua. Alirudi baada ya miezi minne, meno ya mbele hana. Nyumbani hatukuligusa jambo hilo tena, na mtoto nilimficha. Nilidhani namlinda.

Wiki mbili baadaye mwalimu akatuita, mimi na binti yangu, kama wanavyofanya huku na kila mzazi. Akaiweka ile karatasi ya pili mezani.

"Hii umenakili," akamwambia. "Darasani ulituhadithia yule msichana aliyetoroka, sote tukabaki tunafikiri. Humu yuko wapi? Bila mawazo yako mwenyewe, alama ya juu siwezi kukupa."

Binti yangu, ambaye nyumbani hata redio haimshindi kwa kusema, akainamisha kichwa.

"Nilisahau," akasema.

Hakunitaja. Haki ya Mungu, nilitamani anitaje! Nimemleta mtoto kote huku ili aseme anachotaka, halafu ni mimi, kwa mikono yangu hii, niliyemfundisha kunyamaza. Nilimchukia rais wetu. Nilimchukia na yule wa Marekani, na msako wake. Lakini siku ile niliyemchukia zaidi ni mimi mwenyewe.

"Hakusahau," nikasema kwa Kiswidi changu cha ndoo na mopu. "Ni mimi niliyeichana ile ya kwanza. Na nitakwambia kwa nini."

Halafu nikainuka, nikaenda kwanza kufunga mlango.