Kitufe cha Kijivu

Ofisini walimwita Bi Rula, kwa sababu alianza kazi ya usanifu wa maandishi na picha enzi za karatasi na rula, na mpaka leo hupima kwa jicho asikosee. Miaka ishirini na sita. Mgongo unamuuma, na maneno ya kazi yamemchosha kuliko mgongo: fonti, nembo, nafasi tupu, mtumiaji. Hilo la mwisho halipendi kabisa. Mtu mzima na magoti yake mabovu, eti mtumiaji.

Safari hii walikuwa wakitengeneza skrini ya zahanati, ile ambayo mgonjwa ataigusa mlangoni apate namba ya kumwona daktari. Bi Rula alichora kitufe cha buluu iliyokolea. Mkuu wa ofisi akasema kimekaa kishamba. Yeye anataka kijivu hafifu juu ya nyeupe. Bi Rula alibisha mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akachoka, akaweka kijivu, akaenda zake kunywa chai.

Siku ya majaribio alitakiwa mtumiaji mzee. Akamleta shangazi yake, aliyemlea. Sharti lilikuwa moja: msanifu akae nyuma, kimya, asisaidie hata kwa kukohoa. Akifungua mdomo, jaribio limeharibika.

Shangazi akaisogelea skrini. Akafuta miwani kwa upindo wa gauni. Akagusa nembo, hakuna kilichotokea. Akagusa picha ya daktari, akamwamkia kabisa. Kitufe kilikuwa palepale, inchi moja tu chini ya kiganja chake. Dakika nne zikapita, Bi Rula kauma midomo.

"Nisamehe, mwanangu," shangazi akasema bila kugeuka. "Nimekuaibisha mbele ya wakubwa zako. Macho haya, na shule yenyewe sikusoma. Ngoja niwapishe wanaojua."

Akachukua mkoba wake. Bi Rula akasimama.

"Shangazi, macho yako hayana kosa. Hicho kitufe nilikichora mimi, na nilijua hutakiona. Nilichoka tu kubishana."

Mkuu, aliyekuwa pembeni akipima muda wa jaribio, akaguna, akazima saa yake.

"Kwa hiyo ningekuwa naumwa," shangazi akasema polepole, "ningerudi nyumbani hivihivi, najilaumu mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akamvutia kiti.

"Basi kaa, upumzike kidogo. Halafu hicho kitufe ukipake rangi."