Grisi ya Kijani Kwenye Baiskeli ya Rafiki Yangu

Siku rafiki yangu aliponiletea baiskeli yake tairi likiwa limetoboka, ndiyo siku niliyojua ana fundi mwingine. Hakuniambia. Niliinama kulegeza gurudumu la nyuma, nikaona grisi ya kijani ikichungulia pale ekseli ya pedeli inapoingia kwenye fremu. Grisi yangu mimi ni ya kahawia. Nimekuwa nikiinunua kwenye duka moja la vipuri hapa Kitengela tangu nianze kazi hii, na sijawahi kutia ya kijani kwenye baiskeli ya mtu yeyote, sembuse yake.

Niseme kwanza huyu ni nani kwangu. Ana duka la dawa za mifugo mjini, na nyumbani kwao ni upande wa Isinya, kwenye shamba la familia. Angeweza kununua pikipiki, lakini anapenda baiskeli, na kila siku anakuja nayo na kurudi nayo, kuwe na vumbi, kuwe na matope. Tangu aliponunua ile baiskeli hakuna mkono mwingine ulioigusa zaidi ya wangu. Au ndivyo nilivyodhani.

Kila mwaka kabla ya mvua ya masika alikuwa akimwachia mkewe duka, anakuja kukaa kwenye stuli kando yangu mchana kutwa. Mimi nafungua shingo ya baiskeli, pale usukani unapoingia, nafungua pedeli, naosha gololi za beringi kwa mafuta ya taa, nazipanga upya na kuzifunika kwa grisi. Kisha nakata ukanda wa tyubu kuukuu na kuufunga kwa nguvu pale chuma cha kiti kinapozama kwenye fremu. Watu hudhani beringi huuawa na kazi. Huuawa na maji. Maji yanaingia pale chini ya kiti, yanateremka ndani ya bomba bila mtu kuyaona, na yanakaa juu ya gololi za pedeli mpaka kutu izimalize. Na maji ya visima vya hapa kwetu yana chumvi, kwa hivyo anayeosha baiskeli kwa hayo ndiye anayeimaliza haraka zaidi.

Huku nikifanya hayo, tulikuwa tunapiga stori. Alinifundisha Kimaasai, akicheka jinsi ulimi wangu wa Kikuyu unavyokivunja. Mke wangu alikuwa ananitania kwamba siku hiyo tu ndiyo nachana nywele kabla ya kwenda kazini.

Mwaka huu mawingu yalikusanyika na hakuja. Nilijiambia ana kazi nyingi, ng'ombe wamekonda, watu wanatoka mpaka Kajiado kutafuta dawa. Mvua ikaanza. Hakuja. Kumbe nilikuwa namtafutia visingizio mtu aliyekwisha kuhudumiwa kwingine!

Niliziba tairi, nikakaza nati kuliko zinavyohitaji kukazwa. Nilijua grisi ile ilitoka wapi. Kuna kijana amefungua kazi ndani ya kontena la buluu kando ya barabara ya Namanga. Anazining'iniza baiskeli kama nyama buchani, na wale waendeshaji wa Nairobi wenye kaptura za kubana husimama kwake Jumamosi wakielekea Kajiado. Nilikuwa nikipita hapo najifanya natazama upande wa pili.

“Naskia sauti kwa pedeli,” nikamwambia rafiki yangu. Ulikuwa uongo.

“Hakuna sauti, fundi.”

“Iko. Wacha niangalie.”

Nikafungua. Nilikuwa naitamani kutu kwa moyo wangu wote. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, udongo mweusi umeganda mpaka kwenye mnyororo, na mimi nilihitaji tone moja tu la maji ndani ya zile beringi. Halikuwamo. Gololi zilikuwa zinang'aa, grisi imejaa vizuri mpaka ukingoni. Hata ule ukanda wangu wa tyubu ulikuwa umetolewa, na mahali pake pamevishwa mpira mpya uliokaa sawasawa kama soksi. Kama yule kijana angekuwa amemharibia, ningewasamehe wote wawili. Kazi nzuri ndiyo iliyoniuma roho.

“Ameweka grisi mingi sana,” nikasema. “Huyu atamaliza mkebe bure.”

Rafiki yangu alicheka kidogo. “Kwa hivyo umejua.”

“Nilijua kitambo.” Uongo mwingine. “Si ni mtoto wa juzi tu huyo? Ako na nini ambacho mimi sina?”

Sauti ilinitoka vibaya. Mama anayeuza mboga karibu nami aligeuka kutazama, na sidhani alifikiri tunaongea juu ya baiskeli.

“Hana kitu,” akasema rafiki yangu. “Ni vile tu hanigombezi.”

“Mimi nakugombeza?”

“Ukiona matope, unaniuliza nilipita wapi. Ukiona maji, unaniuliza nani alinidanganya nioshe baiskeli na mashine ya kuosha magari. Ile siku mto ulijaa nikavuka tu hivyo hivyo, nilifika hapa nikitetemeka, nguo zote maji. Unakumbuka uliniambia nini?”

Nilikumbuka. Nilimwambia, “Umeua beringi.”

“Na zilikuwa zimekufa kweli,” nikasema.

“Najua zilikufa. Lakini siku hizi nikinyeshewa kwa barabara, naogopa wewe kuliko homa.”

Nikafunga pedeli na grisi ya yule mwingine ikiwa ndani, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha kuipangusa. Akapanda, akapita katikati ya dimbwi lililo mbele ya kibanda changu. Nilifungua mdomo nimwambie azunguke, nikaufunga.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha asubuhi yote. Kabla ya saa sita nikamwona akija kwa miguu, mwavuli mkononi, suruali imelowa mpaka magotini.

“Sopa,” akanisalimu kwa Kimaasai.

“Epa. Baiskeli iko wapi?”

“Iko kwa yule kijana. Anafungua shingo.”

Wivu ulinipanda upya. Kuja kunieleza hayo mlangoni kwangu!

“Amesema nirudi baada ya saa moja,” akaendelea. “Nikaona heri nikuje nikae hapa.”

Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya mtu anayeacha baiskeli yake ifunguliwe shingo huku mvua ikinyesha. Niliitazama ile suruali. “Pole na mvua,” nikasema.

Alinitazama kama anayesubiri nimalizie. Nikamsogezea stuli. Akakunja mwavuli, akaketi, akaanza kunieleza kisa cha jinsi ng'ombe wa baba mkwe wake alivyoingia kanisani. Kilikuwa kisa kirefu. Nami nikawa nasikiliza huku naomba nati za ile shingo zimkatalie yule kijana, zimkatalie kabisa, mpaka jioni.