Kona ya Mlango wa Tatu

Beverlyne Awinja alikuwa amefanya kazi ya usalama kwa miaka sita katika ghala moja la mbolea na mahindi, upande wa Shirere. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, tena makini. Hata madereva wa foklifti, zile gari ndogo za kunyanyua mizigo, walipunguza mwendo walipoona kizibao chake cha manjano.

Mwezi wa Februari alipewa kazi ya kupima ni wapi magari yangeweza kugonga watu ndani ya ghala. Kwa siku tatu alisimama kona baada ya kona, akihesabu gari zinazopita na watu wanaokatiza, kisha akachora ramani. Penye hatari alipaka rangi nyekundu, na sehemu zote nyekundu zikawekewa vyuma vya kuzuia. Kwenye kona ya mlango wa tatu, palipopangwa magunia hadi karibu na paa, hakuona mtu hata mmoja akipita kwa miguu. Hapo akapaka kijani.

Aprili mvua zikaanza. Uwanja wa nje ukageuka tope tupu, na wapakiaji wakaacha kupita huko wanapokwenda kunywa chai. Wakawa wanapenya ndani kwa ndani, kupitia kona ile ile. Beverlyne hakuambiwa, wala hakurudi kuangalia.

Alhamisi moja alasiri, mvua ikipiga mabati hata honi isisikike, foklifti iliyojaa mbolea ilikata kona na kumbana mpakiaji mmoja, Willis Makhanu, kwenye ukuta. Dereva, Abdulfatah, hakumwona. Mzigo ulikuwa umemziba macho. Beverlyne alikuja mbio, akapiga magoti na kumshika Willis mkono.

"Nasikia baridi," Willis alisema. Alifariki njiani kuelekea hospitalini.

Kesho yake meneja, Bwana Philip, alimwita ofisini. Ramani ilikuwa mezani.

"Madam, kazi yako uliifanya vizuri. Ulipopima, watu hawakuwa wakipita pale. Hakuna wa kukulaumu."

"Nilipima wakati wa kiangazi," Beverlyne alisema. "Sikujiuliza watapita wapi mvua ikinyesha."

"Hilo si lazima uliandike kwenye ripoti."

Aliliandika. Aliliandika lote, akatia sahihi.

Jumamosi alikwenda Khayega, nyumbani kwa Willis. Maurine, mjane wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, amezungukwa na wanawake wa kanisa. Beverlyne aliomba wazungumze wawili tu, wakatoka hadi nyuma ya jiko.

"Mimi ndiye niliyepima mahali pale," alisema. "Niliandika kwamba hapana hatari."

Maurine alisema polepole, "Mvua hii yote, alikuwa anarudinga viatu vikiwa safi. Namuuliza, baba, wewe unapitanga wapi? Anacheka tu. Mimi nikawa nafurahi, sina viatu vya kuosha."

Beverlyne alilia. Maurine hakulia, machozi yalikuwa yamemkauka tangu Alhamisi.

"Nisamehe, dada."

"Usiniombe hilo leo, madam. Sina nguvu ya kukukasirikia, na ya kukusamehe pia sina. Lakini umekuja mwenyewe. Wale wengine wa ghala walituma barua."

Akarudi ndani kwa wageni wake. Beverlyne alibaki pale nyuma ya jiko mpaka mama mmoja alipomletea maji ya kunawa uso.

Baada ya mazishi kona ile ilizibwa. Abdulfatah aliacha udereva akarudi kwao Matungu kulima miwa, na hapokei simu za watu wa ghala. Beverlyne bado yuko kazini. Siku hizi hupima mara mbili kwa mwaka, jua na mvua, na kabla ya kuchora chochote hukaa kwanza na wapakiaji na kuwauliza wanapita wapi. Wanamweleza. Khayega hajarudi. Mara mbili amefika stendi ya magari ya huko, akasimama kidogo, kisha akageuka kwenda nyumbani.