Kilomita Elfu Tisa za Rubani

Kinyozi huyu walimwita Rubani, na jina hilo hakulipata kwa kurusha chochote. Alipanda ndege mara moja tu maishani mwake, akalala tangu magurudumu yalipoacha ardhi mpaka alipoamshwa ateremke. Lakini tangu siku hiyo, ukikaa kwenye kiti chake, utaambiwa umbali wa kila mji na mji mwenzake, utake usitake.

Mama yake, dobi mstaafu ambaye miguu ilishamgomea, alimsikiliza kutoka chumba cha pili kama mtu anavyosikiliza bomba linalovuja. Miaka kumi na moja nyuma, binti yake alikwenda ughaibuni bila mtu wa kumsindikiza, kwa kuwa kaka yake, Rubani huyu huyu, aliahidi kumpeleka uwanja wa ndege, akapitiwa na usingizi. Leo binti alikuwa anarudi, na mama alikuwa na ombi moja.

"Asisimame peke yake tena pale uwanjani."

"Kasema anatua saa nane, mama. Saa nane mchana nitakuwa nimesimama pale kama nguzo."

"Saa nane ya wapi? Mtu kakaa kule miaka yote hiyo, si anaisoma kama ilivyoandikwa kwenye tiketi? Mpigie."

"Yuko hewani, simu imezimwa. Tena ya nini kuuliza, wakati hesabu ipo?" Rubani akakung'uta wembe. "Kilomita elfu tisa. Ndege inakata mia tisa kwa saa. Saa kumi hizo. Kaondoka saa nne usiku, na saa zao na zetu ni zile zile."

Mama akahesabu kwa vidole. "Basi ni saa mbili asubuhi. Na sasa inakwenda saa tatu na nusu. Toka."

Rubani akaupuliza wembe. "Hujaweka upepo wa mbele."

"Upepo wa saa sita?"

"Huko juu, mama, si kama kwenye kamba zako za nguo."

Mama alimtazama kupitia mlango wa kati kwa jicho lile alilokuwa akiyatazamia madoa sugu. Alikuwa amesugua sana, hakuna kilichotoka.

Rubani akaendelea na mteja aliyekuwa kitini. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa, na upepo katika maelezo yake umeshafika kimbunga, teksi iliposimama mlangoni. Dada yake akashuka na masanduku mawili.

"Umewahi," Rubani akasema. "Lazima upepo uligeuka."

Dada akayaacha masanduku mlangoni. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha pili, akapiga magoti, akamkumbatia mama yake.

"Ulisimama peke yako?" mama akauliza hatimaye.

"Nilisimama, mama. Kila aliyepita nilidhani ni kaka."

Mama akamfuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Siku ya kurudi kwake ughaibuni nitamsindikiza mimi mwenyewe. Miguu sina, kwa hiyo utanibeba mgongoni, Rubani. Na tutaondoka jana yake, kwa ajili ya upepo."

Mteja wa nusu kichwa ndiye aliyeanza kucheka.