Wenyewe wa Mashimoni

Nani ana mamlaka unakoishi? Usiniambie cheo, nitajie jina.

Geoffrey Musyoka alikuwa ameuliza swali hilo, kwa namna hii na ile, kwa siku tisa na hakuwa amepata jina hata moja. Yeye ni muuza maji, mwenye kibanda cha mabomba mawili pale Mashimoni, Kibera, na sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya reli. Mwezi huo alikuwa mtafiti pia. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kinachunguza mamlaka mitaani, nani huamua na nani hunufaika, na msimamizi wa utafiti, Daktari Rahab, alichukua watu kumi wa mtaani wakawaulize majirani zao. Watatu wangebaki kwa utafiti mkubwa wa mwaka mzima. Geoffrey aliutaka mwaka huo vibaya sana. Aliacha shule kidato cha pili, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu wa vitabu kumuuliza, "Wewe unaonaje?"

Fomu yenyewe ilianza kwa mkosi. Swali la kwanza lilisema, "Nani ana nguvu katika eneo hili?" Vijana wakakunja mikono kumwonyesha misuli. Mzee Osewe, fundi viatu, akamvuta karibu na kunong'ona, "Hayo mambo ya nguvu nimewaachia nyinyi. Lakini kama umekuja na dawa, sema."

Basi Geoffrey akalitupa neno hilo, akauliza kwa njia yake: "Nani akikataa jambo hapa, halifanyiki?"

Hapo watu walijibu upesi, na wote walisema neno moja. Wenyewe. Nani alizuia choo kisijengwe? Wenyewe. Nani aliwafukuza wauza mboga kando ya barabara? Wenyewe. Alipopelekwa mtaa wa Kawangware siku mbili, fundi cherehani aitwaye Kathini alimjibu bila kuinua macho kwenye mshono wake.

"Ni wenyewe."

"Wenyewe ni nani, dada?"

"Si ni wenyewe."

Neno lile likaanza kumkera. Choo kimekataliwa, watu wamefukuzwa, na hakuna aliyefanya! Limetolewa neno moja tu na kila mtu amerudi nyumbani kwake.

Daktari Rahab naye akapiga simu. "Geoffrey, fomu zako zimejaa wenyewe. Sina kisanduku cha hilo. Wasipotaja jina, weka alama kwenye Hajui."

"Lakini wanajua, Daktari."

"Basi waulize tena. Nataka fomu zote leo jioni."

Alibakiwa na mtu mmoja, Jael Aketch, auzaye dagaa wa omena hatua ishirini kutoka kibandani kwake.

"Mama Marvin, maji yakifungwa hapa, huwa ni nani ameamua?"

"Wenyewe."

"Nipe jina moja tu, mama. Wewe sitakutaja."

Jael akaacha kupepeta omena. "Baba Kaveke, unanichezea? Kila siku saa nne unafunga bomba, unaning'iniza mpira wa maji. Halafu unatuambia nini?"

Geoffrey akafikiri. Saa nne yeye huenda hotelini kwa Filister kunywa chai. "Nasema... wenyewe wamefunga."

"Eeh. Sisi tunakaa juani tukilaani serikali, na wewe uko kwa Filister na chapati ya pili. Haya, andika. Anza na G."

Wanawake wawili waliokuwa wakinunua omena walicheka mpaka mmoja akashikilia meza.

"Si kila siku mimi," Geoffrey akajitetea. "Siku zingine ni Irungu, keateka anayeangalia ile ploti ya juu. Anakuja anasema wenyewe wamesema nifunge."

"Na wenyewe wake ni nani?"

"Sijawahi kumuuliza."

"Na wewe ndiye mtafiti," Jael akasema, akarudia omena zake.

Geoffrey akaketi juu ya mtungi, fomu magotini. Sheria ya utafiti aliijua: mwenye mkono katika jambo hawezi kuwahoji watu juu ya jambo hilo. Akiandika jina lake, mwaka wake umekwenda. Akiweka Hajui, hakuna atakayemshtaki, ila Jael, anayeijua chai yake mpaka idadi ya chapati, atasomwa chuoni kama mtu asiyejua kitu.

Akaandika. Geoffrey Musyoka, muuza maji.

Jioni alizipeleka fomu Kawangware, katika ukumbi wa kanisa ambao Daktari Rahab aliutumia kama ofisi. Daktari akafika ile ya mwisho, akavua miwani.

"Hili ni jina lako."

"Ni langu."

"Na sheria umeisoma."

"Nimeisoma."

Alimsimulia yote, pamoja na chapati. Daktari Rahab alijikaza mwanzoni, kisha kicheko kikamshinda. "Miaka kumi na saba ninasoma mamlaka," akasema akijifuta macho, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtafiti wangu kuyakuta mfukoni mwake. Mashimoni ataulizia mtu mwingine. Wewe utafanya Kawangware mwaka mzima. Huku huna bomba."

Geoffrey alirudi nyumbani akipiga mluzi njia nzima.

Asubuhi iliyofuata alifungua kibanda mapema, akawatangazia wateja kwamba saa nne angeenda chai, yeye mwenyewe, na angerudi saa nne u nusu. Foleni ilikuwa bado inamcheka alipotokea Irungu, funguo zikimlia kiunoni.

"Funga, Geoffrey. Wenyewe wamesema hakuna maji mpaka mchana."

Geoffrey akageukia foleni.

"Wenyewe wepi?" Jael akauliza kutoka katikati ya foleni, kwa upole kabisa. "Tutajie jina."

Irungu akaitazama simu yake, akalitazama bomba, akakuna kisogo.

"Nikiosha ngazi kule juu na hapa pamefunguliwa, presha huwa ndogo," akasema. "Ni mimi."

"Kumbe. Utahitaji mitungi mingapi?" Jael akauliza.

"Miwili."

Jael akamwonyesha mwisho wa foleni kwa kidevu. Irungu akaenda, akarudi na mitungi yake miwili, akaipanga nyuma ya mtu wa mwisho.