Kura ya Kadi Moja

Siku ya kura ya kumkubali au kumkataa rais, miaka ile ya Zaire, mbele yangu kwenye foleni hapa Kindu alisimama mama mmoja muuza samaki. Bila muhuri wa kura kwenye kitambulisho chake hangepanda treni ya Kibombo, na huko binti yake alikuwa karibu kujifungua.

Karani alimpa kadi ya kijani. Mama akaigeuza pande zote mbili, akamwita karani citoyen, yaani raia, kama tulivyoitana wote siku zile.

"Na nyekundu, citoyen? Walisema kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana."

"Nyekundu haiko, mama."

"Sasa kuchagua njo namna gani? Kwangu sokoni, kama samaki iko moja, muntu hachagui. Anauliza bei tu."

Watu walicheka, kisha wakamwona askari mlangoni, wakaanza kukohoa. Karani alifungua sanduku la kadi, akalifunga, akakuna sikio.

"Mama, treni yako inatoka saa ngapi?"

Mama akatumbukiza kadi kwenye sanduku la kura, akagongewa muhuri, akaondoka mbio.

Karani akanigeukia. "Na wewe, citoyen, uko na swali?"

"Sina."

Akanigongea muhuri kwenye kitambulisho, kadi yangu ya kijani ikiwa bado mkononi mwake. Kwa hiyo nilipiga kura. Sijajua bado niliipiga saa ngapi.